Filta ya Tangi la Kinyozi

Nje ya chumba cha kinyozi pana benchi la mbao, na wanaolikalia hawajawahi kukosa jibu la jambo lolote. Presha ni fundi bomba. Jina alilipata kwa sababu kila tatizo la dunia hii kwake ni presha ya maji. Wakili ni fundi viatu, hajaingia mahakamani hata kama shahidi, ila kumshinda kwa maneno hajatokea mtu. Mama Kahawa ndiye mwenye birika, na ndiye anayeamua nani kazidisha. Siku hiyo kinyozi alitoka na simu mkononi, shuka la kunyolea likiwa bado begani, uso umemsawijika. Mle ndani, tangi la samaki la lita mia nne, lililokaa mkabala na viti vya wateja, maji yake yalikuwa yamegeuka kama yaliyooshewa mchele. Samaki wawili walishakufa wiki hiyo. Tangi lilikuwa la binti yake, aliyeolewa mbali mwaka uliopita akamwachia baba amtunzie, na binti huyo alikuwa njiani, anafika jioni ileile.

— Nisaidieni, jamani, — alisema kinyozi akiwanyooshea simu. — Duka la samaki wa mapambo wana filta za kuning'iniza nyuma ya tangi. Kuna hii moja kubwa, au hizi ndogo, unafunga mbili. Nichukue zipi kabla hawajafunga?

— Kwani iliyopo ina nini? — aliuliza Presha.

— Sijui. Inazunguka usiku na mchana. Nimeiosha juzi, nikaiosha jana. Maji yaleyale.

— Haina presha hiyo.

Wakili aliweka kikombe chini.

— Ngoja kwanza. Filta inavuta maji, inayapitisha kwenye sponji, inayamwaga tena mlemle. Sasa nikuulize: uchafu umekwenda wapi?

— Kwenye sponji.

— Una shahidi?

Kinyozi hakuwa na shahidi.

— Chukua kubwa, — alisema Presha. — Tangi kama lile linataka mashine ya kuyazungusha maji yote mara kadhaa kwa saa. Hizo ndogo zitalamba tu.

— Chukua ndogo mbili, — alisema Wakili. — Moja ikifa, mwenzake yuko kazini. Kubwa ikifa, umefiwa.

— Mbili zitagombana! Hii inasukuma huku, hii inasukuma kule, katikati maji yanatuama. Samaki wa katikati anakosa hewa.

— Si aondoke katikati, — alisema Mama Kahawa.

— Mama, katikati ndiko kwake. Aende wapi?

Kinyozi alichungulia mlangoni. Yule samaki mkubwa wa rangi ya chungwa alikuwa amejikunyata pembeni, mdomo juu ya maji. Binti alimlea huyo tangu akiwa hazidi ukucha. Akifa kabla ya jioni, kinyozi hakujua atamtazama mwanawe kwa macho gani. Na pale benchini hakuna aliyeonekana kuwa na haraka.

— Tuachane na filta, — alisema Presha. — Nakuvutia bomba kutoka tangi la juu ya paa. Maji yanaingia juu, yanatokea chini. Mto kabisa.

— Yanatokea wapi? — aliuliza kinyozi.

— Barabarani.

— Na samaki?

— Tunaweka wavu.

— Mimi nawaza biashara ya mtu, — alisema Wakili. — Filta kubwa inamwaga maji kwa kelele. Mteja umeshamfunga shuka, anasikia shwaaa, shwaaa. Atabanwa haja. Atainuka kichwa nusu, asirudi. Hasara ya nani?

— Ndogo mbili si zitamwaga mara mbili? — aliuliza Presha.

Wakili alikichukua kikombe chake. Akanywa. Akarudi kwenye kesi.

— Basi naleta hoja nyingine. Huo uchafu samaki wameutaka wenyewe. Wewe ungependa kutazamwa kutwa nzima na watu wanaonyolewa? Wanajificha wale.

— Mimi chujio langu nalichagua kwa jambo moja, — alisema Mama Kahawa akimimina. — Niweze kulifungua na kuliosha bila kutukana. Mengine ni yenu.

Ndipo begi likatua chini karibu na benchi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu! — alisema kinyozi, shuka likamwanguka begani. — Mbona mapema?

— Gari halikuchelewa, baba.

Alimkumbatia baba yake, akaingia ndani, akainama mbele ya tangi, akatoka.

— Ni filta, mwanangu, — kinyozi aliwahi. — Hapa ndo tulikuwa tunachagua...

— Filta nimeiona, ni nzima, ila chakula kimeozea chini. Nani anawalisha samaki?

Presha alikohoa.

— Mimi nikifika asubuhi huwa nawatupia kidogo. Vidole viwili tu.

— Asubuhi? — Wakili alimgeukia. — Asubuhi si nawapa mimi?

— Mimi nawapa makombo ya mkate tu, — alisema Mama Kahawa. — Na wateja nao, maana kopo liko wazi pale.

Binti alimgeukia baba yake.

— Na wewe, baba?

Kinyozi aliokota shuka, akalikunja. Aliwalisha akifungua, akawalisha wateja wakikatika, akawalisha akifunga. Tangu binti aondoke nyumba ilikuwa imepooza, na yule wa chungwa alikuwa akimwona tu ameinua mkono, anakuja mbio kiooni. Alikuwa amemkumbuka mwanawe mno, lakini hilo angelisemaje mbele ya Presha?

— Mimi... kidogo, — alisema.

— Kidogo mara ngapi?

Kinyozi alilikunja shuka tena. Wakili, mtetezi wa kila mtu, alitazama viatu vyake.

Binti aliingia ndani, akarudi na kopo la chakula, akalitia kwenye begi lake.

— Kwa hiyo ni kubwa, au ndogo mbili? — aliuliza Presha.

Binti alikaa kwenye benchi karibu na baba yake, akalichukua lile shuka mikononi mwake kabla halijakunjwa tena.

— Kila ukitaka kuwalisha, baba, nipigie simu mimi kwanza.

— Nitakupigia mara nyingi, — alisema kinyozi.