Ngazi Arobaini na Mbili za Shangazi

Tarehe 30 Juni, mtunza ghala wa makumbusho ya sanaa ya chuo chetu anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kazi. Wanafunzi humwita Shangazi, nasi wafanyakazi tumeshazoea kumwita hivyo. Mimi ni fundi fremu, jirani yake kazini wa mlango kwa mlango kwa miaka kumi na tisa, na nimepewa kazi ya kuandika haya labda kwa sababu wengine wote wamechoka kuliko mimi.

Alipoanza, kazi za sanaa elfu tatu na ushee zilikuwa zimefungiwa ghalani chini, na mwanafunzi aliweza kumaliza shahada bila kuona hata moja. Kwa Shangazi hiyo ilikuwa dhambi. Alisafisha stoo ya viti vibovu ghorofa ya pili, kwa kuwa ndiyo yenye dirisha zuri, akaweka meza mbili ndefu, kisha akawaandikia wahadhiri wachague watakacho, yeye atawapandishia. Wa uuguzi ndio waliotangulia. Waliomba picha ya mzee mgonjwa, na wanafunzi wao wakaitazama saa nzima wakijifunza kuona kabla ya kugusa. Wakafuata wa kemia, wakachunguza rangi za picha ya bibi harusi na kukuta chini yake amechorwa ng'ombe. Utafiti ule ulitoa shahada mbili za uzamili. Shangazi alisema ng'ombe ndiye aliyependeza zaidi.

Hakuwa malaika. Lebo za nyuma ya fremu alizibandika mwenyewe, nasi hutundika kwa kufuata lebo. Picha moja ya mto aliibandika lebo kichwa chini, nami nikaitundika hivyo hivyo. Ilikaa miaka tisa tukilisifu anga lake, hadi mwanafunzi mmoja wa jiografia alipouliza kwa upole ni anga gani hilo lenye kingo mbili kama mto. Mwingine angenyamaza. Shangazi alilikiri kosa kwenye kadi ya picha, kwa wino, na kuanzia hapo kila darasa jipya lilifunguliwa na picha ile. Jina langu pia aliliandika. Sikufurahi.

Lifti ilikufa miaka sita iliyopita. Barua za kuomba itengenezwe zimejaza faili zima, na jibu ni lile lile, kwamba suala letu linashughulikiwa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tangu hapo Shangazi amepandisha kila kitu kwa mikono, ngazi arobaini na mbili, mimi nikishika upande wa pili. Magoti yamekwisha. Mwaka huu alikuwa akisimama kila baada ya ngazi kumi, akijitia anakagua fremu.

Sasa utawala umesema nafasi yake haitajazwa. Maana yake tunaijua: chumba kitafungwa na kazi zitabaki ghalani. Hilo lilimuuma kuliko magoti. Alikataa sherehe, akakataa na zawadi ya saa ya ukutani. Badala yake alizunguka idara kwa idara na daftari la maombi, hadi wahadhiri kumi na wawili wakatia saini vipindi vya muhula ujao. Kisha akaja karakana kwangu, akaliweka daftari juu ya vipande vya mbao, akakaa. Alisema amechoka sana, na hana mwingine wa kumwachia.

Nami nimechoka. Nina miaka hamsini na saba, na kazi hii naiogopa, maana fremu naijua, kilichomo ndani yake sikijui. Nilitaka kukataa. Nikalichukua daftari.

Shangazi, kwa niaba ya wote waliojifunza kutazama mezani pako, asante. Tunakutakia siku ndefu za kukaa, magoti yenye nafuu na nyumba isiyo na ghorofa. Jumatatu ya kwanza ya muhula, saa tatu asubuhi, wanakuja wanafunzi wa sheria, ambao hawajawahi kufika. Nitawafungulia mimi. Tafadhali, usije kuangalia.