Upepo Ulionirudisha kwa Mama Dulcie

Niliegemeza baiskeli ukutani, nikakung'uta vumbi, nikaingia kwenye kile kituo cha mafuta nikiwa bado naimba. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyepaa. Nikamwambia mwenye duka, ambaye alikuwa ameinamia oveni akinipa mgongo:

— Mama, pai zako zinanukia vizuri! Yule wa asubuhi, kule nilikotoka, pai zake ngumu kama tairi.

Akageuka taratibu.

— Yule wa asubuhi ni mimi, Garnet.

Alikuwa Mama Dulcie. Na kwenye benchi la nje walikuwa wale wale wawili niliowaacha asubuhi: Kimya, dereva mstaafu wa greda, ambaye sijawahi kumwona amenyamaza, na Mfupi, ambaye akisimama lazima ainame asigonge paa la baraza. Huku kwetu majina ya utani tunayapanga hivyo. Asubuhi walitupungia mkono mimi na mke wangu Glenys tukielekea magharibi. Alasiri nikawatokea kutoka magharibi, peke yangu, na wimbo mdomoni.

Wakanisogezea nafasi, wakanipa kikombe cha kahawa, wakaanza kunichambua.

— Taratibu, ndugu yangu, alianza Kimya. Mlipumzikia wapi?

— Nyuma ya lundo la kokoto, tukajikinga upepo. Mimi nikasinzia. Glenys akasema anatangulia, nitamkuta njiani.

— Na baiskeli uliilazaje?

Hapo nilikunywa kahawa kwanza. Sisi wa masafa marefu tuna desturi: ukiilaza baiskeli, pua yake unaielekeza unakokwenda, maana kwenye tambarare hii ya Nullarbor, huku Australia, mbele na nyuma ni kitu kimoja. Vichaka hivi, vichaka vile, na lami iliyonyooka mpaka macho yachoke.

— Upepo ulikuwa unapekua mifuko yangu, nikasema. Nikaigeuza, mgongo kwa upepo.

— Halafu ukaamka ukaipanda vile vile.

— Nikaipanda! Siku zote hizi upepo unatupiga usoni kama tumeutukania mama yake, ghafla unanisukuma kama mtoto kwenye bembea. Nikajua umegeuka. Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Mfupi alicheka mpaka kahawa ikamtokea puani.

— Na jua, je? Hukuliona liko wapi?

— Mawingu matupu, Mfupi.

— Mnamwonea bure, alidakia Kimya. Ile sufuria ya chuma aliyoifunga mbele inavutwa na sumaku ya dunia. Greda langu mimi lilikuwa linavutwa hivyo hivyo. Kila jioni linakuja hapa lenyewe.

— Greda lako lilivutwa na bia, bwana. Huyu ni emu wamemfanyia, ndege wale warefu kama mbuni. Emu wakikuta mtu amelala wanamzunguka, wanamzunguka. Akiamka kichwa kimeshageuka. Walimzunguka mjomba wangu, akaenda kuoa Perth, mwisho wa nchi.

— Emu wapi! Barabara yenyewe ndiyo imegeuka. Nimeichonga maisha yangu yote, naijua. Inalalia ubavu huu, inaamkia ule.

Wakati huo mama mmoja mwenye nywele nyeupe, Bi Thora, alikuwa anajaza mafuta. Gari lake lilikokota nyumba ndogo ya magurudumu, zile za wastaafu wanaozunguka nchi. Alikuwa amesikia yote. Akafunga tangi, akatusogelea.

— Samahanini. Huyo mkeo ana maji?

Benchi likanyamaza. Hata Kimya.

Nikaitazama baiskeli yangu. Mifuko ya maji ilikuwa imening'inia pande zote, imenona. Nilibeba yote mimi, kwa sababu asubuhi nilijitapa mbele ya hawa hawa kwamba mwanamume ndiye tangi. Glenys alikuwa na chupa moja tu, na upepo mzima usoni. Simu huko hazishiki. 

Mama Dulcie aliacha pai zake. Akaingia nyuma ya kaunta, akawasha redio ya madereva.

— Mlioko magharibi, nani amemwona mama wa baiskeli, koti la njano? Maji yake yote amekuja nayo mumewe huku kwangu.

Redio ikakoroma, ikakohoa.

— Nimempita, Mama Dulcie. Anakanyaga kama anagombana na mtu. Mimi sina pa kugeuzia lori, ila kuna mwenzangu nyuma yangu.

— Nimewasikia, ikasema sauti nyingine. Ngojeni.

Tukangoja. Mfupi alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Kimya alinishika bega, akaacha mkono wake hapo hapo.

— Nimempata. Anakunywa maji yangu, na kuku wangu wa kuchoma naona anaondoka naye. Mzima kabisa.

Nimezunguka nchi nyingi juu ya tandiko, na maneno kwa kawaida hayanipungukii. Siku ile yalipotea njia kama mimi. Nilitaka kumshukuru dereva ambaye hata uso wake sikuujua, nikajikuta naishukuru redio.

— Mimi naenda huko huko, alisema Bi Thora. Leteni baiskeli.

Kimya na Mfupi walikuwa wameshaibeba.

— Mama huyu wa baiskeli anataka kusema na mumewe, redio ikaita.

Nikadaka kipaza sauti, nikijua fika kwamba kila lori kwenye barabara ile limetega sikio.

— Glenys, mpenzi wangu! Nisamehe. Nimepata gari, nakuja sasa hivi. Niambie tu vizuri uko upande gani, nisije nikapotea tena.

— Niko kule upepo unakotoka, Garnet.