Risala ya Wafugaji Siku ya Kuzindua Tangi Lisilo na Maziwa

Mgeni Rasmi, viongozi mlioongozana naye, majirani na wageni wote, karibuni na poleni na safari. Tunakushukuru kwa kuja kutuzindulia tangi hili la kupozea maziwa. Ni zuri, linang'aa, na umeme umefika. Tunasikitika kukueleza kwamba ndani halina kitu. Wengine walitaka tuazime maziwa kwa watu ili usipate aibu mbele ya wapiga picha. Mwenyekiti wetu, mama asiyependa mchezo, akasema, "Amekuja kutusaidia, halafu tumfanyie maigizo? Msomeeni yaliyopo."

HISTORIA

Kikundi kilianzishwa na wajane na wastaafu, kila mmoja na ng'ombe wake nyuma ya nyumba. Malisho hatuna. Tunakata majani na kununua pumba, nazo zikifika zimelowa huvunda zisipoanikwa. Tukapewa banda lililoachwa na mafundi wa betri za magari, lenye sakafu laini ya saruji na bati linaloshika joto. Tulifagia, tukapiga deki, tukaona tumepata. Humo tulianika pumba kwa zamu.

MAFANIKIO

Hatukosi la kujivunia. Watoto wetu walikunywa maziwa kila asubuhi kabla ya shule. Kuna mmoja aliyekuwa legelege kabisa, akanawiri mpaka wenzake wakamwita Bonge.

CHANGAMOTO

Ng'ombe walianza kukonda. Fizi zikawa nyeupe, chini ya taya pakavimba, wakaharisha. Mfugaji yeyote atakwambia hiyo ni minyoo, na kweli minyoo ilikuwepo. Tukawanywesha dawa, hawakupata nafuu, tukawanywesha tena. Na kwa kuwa walikuwa dhaifu, tukawaongezea pumba. Aliyezidi kuugua ndiye tuliyezidi kumlisha. Hapo ndipo tunapoumia mpaka leo.

Ng'ombe wa mwenyekiti alianza kusaga meno na kugonga ukuta kama haoni, kisha akafa. Daktari wa mifugo alikuwa amewahi kuchukua damu yake, akachukua na ya waliobaki. Alitueleza kwamba damu ilikuwa pungufu na protini yake imeshuka, jambo ambalo minyoo huweza kulifanya. Lakini vipimo vya ini na figo vilikuwa vimepanda mno, naye hakuridhika kuisingizia minyoo yote hayo. Akatafuta madini ya risasi, ile sumu itokayo kwenye betri za magari, akayakuta katika damu, katika pumba na katika vumbi la banda letu. Alisema mwili ulioishiwa damu na madini ya chuma hufyonza risasi kwa urahisi zaidi, kwa hiyo maradhi mawili yalikuwa yakisaidiana.

Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Maziwa mlikuwa mnampa nani?"

Tukageuka kuwaangalia watoto, na tangu siku hiyo maziwa tunayamwaga; ndiyo maana tangi halina kitu. Bonge siku hizi analalamika tumbo, na herufi alizokuwa anazijua anazisahau. Ni mtoto wa katibu wetu, huyu anayekusomea risala hii. Katibu alituomba tuliondoe jambo hili, tukamkatalia.

MAOMBI

Tulikuwa tumeandika barabara, josho na mbegu za majani. Tumeyafuta. Ombi limebaki moja: watoto wetu wapimwe damu, na watakaokutwa na risasi watibiwe. Zahanati imetuambia kipimo hicho haina. Tulimwendea tena daktari wa mifugo na watoto wamebebwa mgongoni. Akawatazama, akasema, "Mama zangu, mimi siruhusiwi kumpima mtu," akageuka kufuta macho.

Mgeni Rasmi, ng'ombe wetu wote wana majibu ya damu yao, hata aliyekwisha kufa. Watoto hawana.

Mungu akurudishe salama nyumbani, uwakute wanao wazima, na akulainishie moyo kwa ajili ya hawa wetu.

Ni sisi,
Kikundi cha Wafugaji Tulee