Bakuli la Sungura la Chibalonza

Elvire, nipandishie huo mto, na simu iweke hapa kifuani ili Salvator anisikie huko alikofungiwa, maana nitasema mara moja tu, pumzi ya kurudia sina. Wanangu, mimi Niyonsaba mama yenu naondoka. Daktari alinieleza kwa kuzungukazunguka, mkalimani naye akaona haya kunitafsiria, lakini figo ni zangu na ninajua zimefikia wapi. Usilie, Salvator. Dereva mzima wa malori ya bandari ya Port Botany unalia kwenye simu? Mwenzako wa kazini ameumwa korona, wewe umefungiwa siku kumi na nne, sitakuona tena, basi angalau nisikie.

Mali yangu ni kidogo. Gari ni la Salvator, na ulitengeneze breki. Vitenge ni vya Elvire, ila kile cha zambarau nizikwe nacho. Shamba la Makamba waachieni wadogo wa baba yenu, tulishalikimbia zamani, msiende kugombana na watu kwa ajili ya udongo ambao hamtaulima. Mwili wangu msiusafirishe, nizikeni hapahapa. Serikali imesema mazishini watu kumi tu, na majina niliyaandika jana. Elvire uliyasoma ukaninunia kwa sababu tantine yenu Chibalonza, rafiki yangu mnayemwita shangazi, hayumo. Nilimtoa makusudi. Sasa nitawaambia kwa nini, na mkishasikia mtanichukia kidogo. Chukieni, lakini mnisikilize hadi mwisho.

Mnajua mimi na Chibalonza tulimtunza Bibi Tokiko, yule mzee wa Kijapani wa Lidcombe, yeye shifti ya asubuhi, mimi ya mchana, na saa sita tulikutana mezani tukala naye wote watatu. Yule bibi alikuwa fundi. Gereji yake haikuwa na gari, ilikuwa na tanuri, na ingawa miguu ilishakwisha, mikono ilikuwa bado mizima: anafinyanga, anachora wanyama kwa brashi nyembamba kama kope, anachoma. Korongo, pweza, kaa, samaki mwenye masharubu. Mimi tangu siku ya kwanza aliniwekea sahani za korongo, nyeupe pee, zenye ukingo wa dhahabu. Chibalonza alipewa bakuli la kawaida, limeinama upande, lina sungura wa bluu mwenye sikio moja refu kuliko jingine, na akishakula analiosha analirudisha kwenye rafu yake peke yake. Nanyi mnajua kwetu. Nilipokuwa msichana wa kazi kwa matajiri Bujumbura nilikuwa na sahani yangu na kikombe changu, vya bati, vimewekwa kando, ili mdomo wangu usiguse vyombo vya wenye nyumba. Kwa hiyo nilipomwona Chibalonza na bakuli lake nikasema, ahaa, huyu kafanywa mtumishi, mimi ndiye mgeni wa heshima. Nilimhurumia miaka miwili mizima! Hata kitenge nilimnunulia cha kumpoza moyo.

Siku moja binti wa bibi akaja kutoka Melbourne, akaona ninavyojivuna na sahani zangu, akacheka, si kwa ubaya, akanieleza. Kwao zile sahani nzuri ni za wageni. Mtu wa nyumbani ndiye mwenye bakuli lake, limefinyangwa kwa kipimo cha kiganja chake, na hata akisafiri halitumiwi na mwingine. Kumbe Chibalonza alikuwa mtoto wa nyumba ile, na mimi miaka yote nilikuwa mtu aliyepita kusalimia.

Wivu ulinishika, wanangu, ukaniwasha mwili mzima. Chibalonza aliyefika nchi hii nyuma yangu, niliyemtafutia kazi ile mimi mwenyewe, niliyemfundisha hata kupanda treni! Ana sauti nzuri kanisani, meno yote anayo, ninyi wenyewe mkipata shida mnampigia yeye kabla yangu, halafu na bibi huyu naye awe wake? Nikalivizia lile bakuli. Jumanne moja nikalifunga kwenye taulo, nikalitia kwenye mfuko wa viatu vyangu vya kazi, nikapanda treni hadi hapa Minto nimelikumbatia. Kesho yake Bibi Tokiko alitambaa jikoni akifungua kabati moja baada ya jingine. Na Chibalonza, jamani, akadhani labda alilitupa pamoja na magazeti, akapiga magoti akaomba msamaha. Aliomba msamaha kwa kosa langu, nami nimesimama palepale nakausha sufuria. 

Halafu korona ikaingia, bibi akapelekwa kwenye nyumba ya wazee, milango ikafungwa, akafia humo bila hata mmoja wetu kumshika mkono. Nikasema basi, yamekwisha. Kumbe! Wiki iliyopita Chibalonza amekaa pale nje ya dirisha na barakoa yake, ananipigia soga, akasema, unajua, dada, bibi alikutengenezea na wewe bakuli? Aliniuliza unapenda mnyama gani, nikamwambia huyo ni Mrundi, mchoree ng'ombe mwenye pembe ndefu. Lilikuwa tayari kabisa. Ila sungura wangu alipopotea bibi alisikitika, hakutaka nikose cha kulia, akanipa hilo la ng'ombe, akasema wewe atakuchorea jingine, halafu mikono yake ikagoma. Anasimulia huku anacheka, masikini, anadhani ananifurahisha. Mimi nikageukia ukutani.

Basi bakuli langu la ng'ombe liko kwenye kabati la Chibalonza, na siwezi kulidai bila kusema nilichofanya. Wiki nzima jambo hili limeninyima usingizi. Ningekufa kimya mngeendelea kumsifu mama yenu, na Chibalonza angesimama kaburini aniimbie kwa sauti yake ile, na hilo ndilo lililonishinda, ndiyo maana nikamtoa kwenye orodha. Namwonea wivu hadi leo, Mungu anisamehe, hata hizo figo zake mbili nzima namwonea wivu.

Sasa fanyeni hivi. Kwenye orodha futeni yule shemeji yangu wa Brisbane, mipaka imefungwa hawezi kuvuka hata akitaka. Wekeni Chibalonza. Na aimbe. Elvire, fungua kabati, chini ya mashuka kuna taulo la kijani. Ndilo hilo. Usinitazame hivyo, mwanangu, nimeshajitazama vya kutosha.

Sogea nikushike kichwa. Salvator, nawe weka mkono kichwani mwako, ujue ni wangu. Mungu aliyetutoa kambini tukiwa na godoro moja awatangulie. Watoto wenu wawe na afya, nyumba zenu zicheke, na ninyi wawili msipimane, anachopata mmoja mwenziwe afurahi, kwa sababu mimi nilishindwa na mmeona kilichonipata. Nimewasamehe yote. Nisameheni na mimi.

Huyo... huyo ni yeye barazani, analeta supu. Nenda sasa, kabla sijageuza nia. Mpe sungura wake. Usimwambie mama amechanganyikiwa, usisingizie dawa. Sema mama aliiba, kwa wivu. La ng'ombe usimwombe. Akilileta mwenyewe, pokea. Asipolileta, usimnunie... ningekuwa mimi, nisingelileta.

Maji... hapana, acha maji. Nenda. Vaa barakoa. Mlango, Elvire... mlango uache wazi, nisikie atakavyosema.