Mwanamke wa Ukurasa wa Arobaini

Basi la mwendokasi lilipoondoka Gerezani, Moza, muuza vitenge wa Kariakoo, alikuwa amekaa nyuma ya binti aliyeshika kitabu cha tamthilia. Mzee aliyekaa pembeni ya binti alikuwa akikitazama sana.

"Shikamoo, mzee. Unamjua mwandishi huyu?" binti akamuuliza.

"Marahaba. Marehemu Beno? Nimeigiza tamthilia zake tatu."

"Kweli? Aliwezaje kuwaandika wanawake vizuri hivi?"

"Alipanga chumba Buguruni, kwa Mzee Rajabu. Wenye nyumba wakigombana, yeye upande wa pili wa ukuta anashika kalamu. Mimi nauita wizi."

"Lakini mzee, si mtaa mzima ulisikia? Mbona aliyeandika ni yeye tu?"

Moza aliinama mbele. Mzee Rajabu alikuwa baba yake. Mama yake aliondoka katika nyumba ile, akamwacha Moza akiwa na miaka sita, akafariki kabla ya kumweleza kwa nini. Akamgusa binti begani.

"Samahani, mwanangu. Humo kuna mwanamke anayemwacha mumewe?"

"Yupo, mama. Ukurasa wa arobaini."

"Anasemaje?"

Binti akafunua, akasoma taratibu: "Naondoka, ila mtoto akikua umwambie ukweli. Nimekuacha wewe, sikumwacha yeye."

Mzee alitaka kuongeza neno, akamwona Moza usoni, akageukia dirishani. Basi likasimama kituoni kwa Moza, milango ikafunguka, watu wakashuka, ikafungwa. Moza alikuwa bado amekaa.

"Soma tena," alisema.