Roser Pellejà na Chupa Iliyobeba Jina Lake

Marehemu Roser Pellejà Vall alizaliwa tarehe 7 Oktoba 1949 hapa Vilafosca, wilayani Priorat, mavuno ya zabibu yakiwa hayajaisha. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Bartomeu Pellejà na Cinta Vall. Mdogo wake ni Quirze, mjomba wangu, aliyeketi leo benchi la mbele. Mimi ni Neus, binti wa marehemu, na ninasoma haya nikiwa na hasira. Naomba mnivumilie.

Alisoma shule ya kijiji kuanzia mwaka 1955 hadi 1963. Siku moja alibeba mkate uliolowekwa divai na kunyunyizwa sukari, kama watoto wengi wa hapa wakati ule. Mwalimu, aliyekuwa mgeni kwetu, alimfukuza akidhani nyumbani wanamlewesha. Bibi Cinta alimrudisha na vipande viwili, kimoja cha mwalimu. Tangu siku hiyo mwalimu hakulalamika tena, na wakati wa mapumziko alijisogeza karibu na dawati la Roser.

Alipomaliza shule aliingia mizabibuni. Mteremko wa Mas Negre, ule wa mawe meusi yanayokatika kama vigae, aliulima maisha yake yote: juu zabibu za Garnatxa, chini zile za Carinyena, mizabibu iliyopandwa na babu yake. Garnatxa ina utamu na joto. Carinyena ni nyeusi na kali, inakaza ulimi. Wataalamu walimshauri aing'oe. Yeye alisema Garnatxa peke yake inapendeza kwenye glasi, lakini nyama ikifika mezani divai hiyo inakimbia. Ndiyo maana hakuchanganya divai kwa kuonja na kutema. Kila Machi alipika nguruwe mwitu kwa chokoleti kidogo, akachoma kondoo kwa vijiti vya mizabibu, akatukalisha sote, na tukiwa tunakula ndipo alipoamua pipa lipi liingie na kwa kiasi gani. Samaki wa chumvi, anayeharibu ladha ya divai nyekundu, hakuruhusiwa kukaribia meza hiyo.

Tarehe 11 Mei 1974 alifunga ndoa na Eloi Domènech wa Falset, baba yetu. Baba alikuwa mtu wa divai nyeupe. Mama alimwambia amemsamehe, ila asirudie. Walijaliwa kaka yangu Oriol na mimi.

Septemba 2022 alipatwa na kiharusi, akabaki kitandani. Hapo Mjomba Quirze, tuliyemwachia ghala la divai, alichanganya divai peke yake, bila sufuria jikoni. Carinyena yote aliitoa akaiuza kwingine, kwa sababu wanunuzi wa nje walitaka kitu laini. Kisha akachapisha kwenye chupa jina "Roser" kwa herufi za dhahabu. Hakumwuliza mwenye jina. Februari mwaka huu alimletea chupa ya kwanza kama zawadi. Tulikuwa tumempikia kondoo. Mama akanywa, akatafuna, akanywa tena.

"Hii ya nani?" aliuliza.

"Yako, dada. Si unaona, jina lako hilo."

"Jina naliona. Divai yangu ndiyo siioni. We Quirze, umenizika nami bado natafuna? Toa jina langu humo."

Mjomba alicheka, akatuambia ugonjwa umemfanya awe mkali. Mama alimwomba tena wakati wa Pasaka, na tena mwezi Juni, sikukuu ya Mtakatifu Joan. Kila mara aliambiwa, "Tutaona, dada." Aliaga dunia nyumbani kwake tarehe 19 Novemba 2024, akiwa hajajibiwa. Inaniuma sana. Na juzi nikazikuta chupa hizo hizo zimepangwa kwenye meza za chakula cha leo, kando ya picha yake. Nimeziondoa. Mtakula nguruwe mwitu, na mtakunywa divai ya mwisho aliyoichanganya mwenyewe.

Ameacha mume, Eloi, watoto, Oriol na Neus, mjukuu, Aran, na mdogo wake, Quirze.

Mjomba, kijiji kizima kiko hapa. Sema kama utalitoa jina la dada yako kwenye chupa zako. Fundi Isidre ameshakoroga saruji, nasi tumemwomba asizibe kaburi mpaka ujibu. Ukishajibu, Mama apumzike kwa amani.