Tulipanda Mlima Bila Mzigo

Sifa zote kwa Bwana, ndugu zangu! Leo nimesimama mbele yenu kwa miguu yangu mwenyewe, na miguu hii ndiyo ushuhuda wangu.

Mwaka ule tulipomzika mtoto wetu wa kwanza, hapa hapa Wusi, nililala kitandani nikakataa kuamka. Haikuwa homa. Moyo ulikuwa umezima. Na ninyi akina mama mlinipenda, Mungu awabariki! Mlinichotea maji, mkanilimia shamba, mkanipikia uji. Kazi yangu ikabaki kulala na kutamani kufa. Ndiyo, kufa! Daktari kule Voi alinipa vidonge, nikameza, lakini kitandani sikutoka.

Ndipo akaja kukaa nasi wifi yangu Saru, dada wa mume wangu, kutoka Kishushe alikoolewa. Mnamjua! Huko kwao kuona gari ni bahati, kwa hiyo yeye hutembea tu. Akafungua dirisha, akasema, "Wifi, amka twende mlimani."

"Kufanya nini?"

"Kwenda na kurudi."

Nikamwona ana wazimu. Lakini Saru habishiwi! Siku ya kwanza nilifika kwa jirani tu, nikaketi chini nikalia. Hakunikemea. Alisema, "Basi kesho tutapita hapa." Na kesho yake tukapita.

Haya, nani amewahi kuona mama wa Taita akipanda mlima bila mzigo, hata ukuni mmoja? Watu walitucheka. Mzee mmoja aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe akatuuliza, "Mmepoteza mbuzi?"

Saru akamjibu, "Tumepoteza mtu. Tunamtafuta." Mimi nikainamisha kichwa.

Ndugu zangu, nilihema, jasho likanitoka. Lakini usiku nililala fofofo! Njaa ikarudi. Nikaanza kuomba tena, huko huko njiani. Huzuni haikuisha mara moja, siwadanganyi, ila ilipungua, mpaka asubuhi moja mimi ndiye niliyemwamsha Saru!

Tulipompita yule mzee, akauliza, "Bado hamjampata?"

"Amepatikana, mzee!" nikajibu mimi. "Ndiye huyu!"

Saru, mwanamke mkavu yule, akaketi njiani akalia. Jamani, nampenda wifi yangu! Bwana alinitoa shimoni kwa mkono wa Saru.

Na wewe dada uliyeketi karibu na mlango, umejifunika uso kwa leso, nimekuona. Mtumaini Bwana. Dawa za daktari usiache. Na kesho asubuhi nitabisha kwako. Usinipikie chai, tunapanda.